Mtoko wa Jumapili: Ufukwe Usio na Lango au Tamasha la Kiingilio?

Mtoko ni matembezi ya saa chache ambayo familia au kundi la marafiki huyafanya ndani ya mji wao, kwa kupunga upepo, kula, kutazama au kucheza, kisha kila mtu akarudi kulala kwake. Katika Dar es Salaam, mkoa uliohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, mitoko hufanyika zaidi Jumapili alasiri, siku za Idd, Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka, na wakati wa maonyesho ya Sabasaba. Familia nyingi za mji huu hukaa katika vyumba vya kupanga na hutumia ua mmoja na majirani. Mtoto hana pa kukimbia na kucheza, na wageni wakifika wanne viti vimekwisha. Ndiyo maana nafasi ya kukaa pamoja hutafutwa nje ya nyumba.

Kinachobishaniwa ni mahali na gharama. Wapo wanaotetea sehemu ya wazi isiyo na lango, na wapo wanaotetea shughuli iliyoandaliwa, yenye tiketi, ulinzi na ratiba. Hoja hizo zimepangwa hapa katika vinywa vya watu wanne: mzazi, mwandaaji wa matamasha, mzee mstaafu na ofisa wa mipango miji.

Mzazi huanza na hesabu. Familia ya watu sita ikitozwa kiingilio cha shilingi 10,000 kila mmoja, huwa imetoa 60,000 kabla mtu hajaonja hata maji. Hapo bado nauli ya kwenda, na ya kurudi ambayo mara nyingi huwa ya bajaji kwa kuwa watoto wamekwisha kulala mabegani. Kwa anayelipwa kwa kutwa, mtoko wa namna hiyo huja mara moja kwa mwaka, na miaka mingine hauji kabisa. Kwa hiyo mzazi huyu huelekea Coco Beach, ufukwe wa Oysterbay katika Wilaya ya Kinondoni, ambako mtu hushuka kwenye daladala na kutembea hadi mchangani bila kuulizwa chochote.

Sifa ya Coco Beach, kwa hoja ya mzazi, ni kwamba kila familia hujipimia. Mwenye fedha hununua sahani ya mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, mishkaki inayogeuzwa juu ya mkaa, na dafu. Asiye nazo hutandika mkeka, akafungua hotipoti ya wali aliyotoka nayo nyumbani. Wote wawili wanaangalia bahari ileile, na watoto wao wanachimba mchanga pamoja bila kujuana majina. Upande mmoja vijana wanacheza mpira, upande mwingine wapo waliovaa nguo za harusi wakipigwa picha. Tangu Daraja la Tanzanite lilipoanza kutumika mwaka 2022, likiunganisha eneo hilo na upande wa Hospitali ya Aga Khan kwa kupita juu ya maji, wapenda kutembea wamepata njia nyingine ya kupunga upepo.

"Mimi nikitoka na wanangu," mzazi anasema, "nataka kukaa mpaka wachoke wenyewe. Sitaki mtu aje kuniuliza kama nitaagiza kitu kingine."

Mwandaaji wa matamasha anamjibu kwa heshima, lakini hampi nafasi ya kupumua. "Mama, huo ufukwe unaousifu una vyoo vingapi?" Kisha anaorodhesha: mtoto anayepotea katika umati wa sikukuu, simu inayochomolewa mfukoni, taka zinazoachwa mchangani usiku, na kubwa kuliko yote, maji. Bahari ya Dar es Salaam hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa dakika zipatazo 50 kila siku. Familia iliyokuta mchanga mpana Jumapili moja inaweza kurudi Jumapili ifuatayo saa ileile ikakuta mawimbi yanapiga karibu na walipotandika mkeka. Mtoto wa Mbagala au wa Kimara anayeingia baharini mara mbili kwa mwaka hawezi kuyajua hayo, na mara nyingi hata mzazi wake hayajui. Kwa mwandaaji, kiingilio ndicho kinacholipa mlinzi, taa, choo kisafi na gari la wagonjwa.

Mfano wake wa kwanza ni Sabasaba. Maonyesho hayo ya kimataifa ya biashara, yaliyofanyika kwa mara ya 49 mwaka 2025, huwekwa katika Viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, yakizunguka tarehe 7 Julai, siku ambayo chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954. Kwa wafanyabiashara ni soko. Kwa familia ni mtoko mkubwa wa mwaka: watoto huzunguka mabanda ya wizara na majeshi, kina mama hukagua samani za Jeshi la Magereza, vijana hukusanya vipeperushi wasivyovisoma, na jioni watu hutoka langoni wakiwa na vumbi hadi magotini. Wa pili ni mpira. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye uwezo wa kuchukua watu 60,000, hujaa kwa Siku ya Simba na Wiki ya Mwananchi, sherehe ambazo klabu za Simba na Yanga huwatambulishia mashabiki wachezaji wa msimu mpya. Huko familia huenda na jezi moja, kuanzia bibi hadi mtoto wa mgongoni, na burudani ya muziki hutangulia mechi. Mambo ya ukubwa huo hayaandaliki bure.

Hoja hiyo ina uzito, na mzazi anaikubali nusu. Anachokataa ni dhana kwamba lango ni ulinzi. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi uliokuwa na disko toto, yaani disko la watoto. Palikuwa na lango, na kiingilio kililipwa. Tangu hapo Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza mara kwa mara, sikukuu zikikaribia, kwamba disko toto ni marufuku. Kilichowaua watoto wale ni msongamano ndani ya chumba kisichotosha, na hilo halirekebishwi kwa kupandisha bei ya tiketi. Hurekebishwa na mtu aliyesimama mlangoni akihesabu wanaoingia, na mwenye amri ya kusema basi, pamejaa. Penye hesabu hiyo, penye milango ya kutokea iliyo wazi na watu wazima wa kutosha, shughuli ni salama, iwe ya bure au ya kulipia. Katika mjadala wote huu, hapa ndipo mzazi anapokuwa na haki isiyopingika.

Mwandaaji anageuza upande. Anauliza nani hasa hupumzika katika mtoko wa bure. Hotipoti inayosifiwa imejazwa na mama aliyeamka alfajiri kuchambua mchele, kukaanga vitunguu na kuunga mchuzi. Yeye ndiye aliyewaogesha watoto, akapakia chupa za maji na nguo za kubadilisha, akabeba kapu kwenye daladala. Baba na marafiki zake hukaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri sahani, na jioni ni mama tena anayesuuza vyombo na kufua nguo zilizojaa mchanga. Katika tamasha la kulipia chakula kimepikwa na wengine, na mama anakaa kitini kama watu wengine. "Tukihesabu fedha, tuhesabu na mgongo wake," mwandaaji anasema.

Mzazi hana jibu la haraka kwa hilo, wala halipaswi kuwepo. Linalosemwa mara chache katika mazungumzo ya starehe za mjini ni kwamba mtoko wa bure umelipiwa na mtu, na mtu huyo kwa kawaida ni mwanamke. Suluhisho analolipendekeza mzazi baadaye ni dogo lakini linafaa: kundi la familia tatu au nne linalotoka pamoja ligawane kazi kabla ya siku yenyewe. Huyu analeta wali, yule maji na matunda, wa tatu ananunua mihogo palepale, na kina baba wanashika zamu ya kulinda watoto majini. Makundi ya marafiki wa kazini na wa misikitini au makanisani yanayochanga hivyo hudumu miaka. Yale yanayomtegemea mtu mmoja hufa pindi anapochoka.

Mzee mstaafu, aliyekuwa akisikiliza, anaingia kwa kumbukumbu ya mji. Kwake ubishi wa bure na kulipia umechelewa kuuliza swali lenyewe, yaani nani anaingia pamoja na nani. Sinema za zamani za Dar es Salaam, kama Empire, Avalon na Odeon, zilikuwa na tiketi, lakini Jumapili ilikuwa siku ya familia nzima kwenda kutazama filamu za Kihindi, tangu babu hadi wajukuu, na wiki nzima nyimbo zake zikaimbwa mitaani. Mwanahistoria Laura Fair ameyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, kinachohusu maisha ya sinema katika miji ya Tanzania. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In ya Msasani, ambako watu waliegesha magari mbele ya pazia kubwa chini ya nyota, chakula kikiliwa humohumo garini. Kiwanja hicho leo ni cha Ubalozi wa Marekani.

Upande wa dansi ulikuwa hivyohivyo. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo wengi wanaijua leo kwa jina la Msondo Ngoma, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 na baadaye kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC), zilikuwa bendi za watu wa rika mbalimbali. Mzee alikwenda na mkewe, kijana akaenda na mchumba wake, wakakutana katika ukumbi mmoja wa Kariakoo na wote wakajua mashairi. "Siku hizi, wanangu," anasema mzee, "mmetenganishwa. Watoto wana bembea zao, vijana wana tamasha lao la usiku, sisi tumeachiwa televisheni."

Kuna ukweli katika malalamiko haya, ingawa mzee ameusahau upande mmoja: mji wa wakati ule ulikuwa mdogo sana kuliko huu, na kumbi za katikati zilifikika kwa miguu kutoka Kariakoo, Ilala na Gerezani. Leo mtu wa Chanika au Bunju akitaka kumtoa mama yake mwenye miguu mibovu, siku nzima huishia barabarani. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yamewasaidia wa njia hiyo kufika feri ya Magogoni, na kuvuka kwenda Kigamboni kwa pantoni ni mtoko ambao watoto huupenda kuliko mengi yenye bei. Lakini mji wa ukubwa huu unahitaji pa kutokea katika kila pembe yake. Hapo ndipo ofisa wa mipango miji anapopata zamu.

Ofisa anaanza na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto, au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira hayo. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya mazingira, lakini ikisimamiwa inalinda pia mkeka wa mzazi. Na ufukwe hauhifadhiki kwa mazoea tu: umiliki wa Coco Beach uliwahi kugombaniwa hadi mahakamani. Kiwanja cha wazi kisichotetewa na mtu huonekana kiwanja kitupu, na kiwanja kitupu katika mji wenye ardhi ghali hakikosi mwombaji.

Mfano anaoutoa ni wa Nairobi. Mwaka 1989 ilipopangwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alisimama kulipinga, akatukanwa hadharani, na mwishowe mradi ukaachwa. Familia zinazokaa kwenye majani ya bustani hiyo leo zinakaa kwa sababu ya upinzani ule. Karibu miaka kumi baadaye Maathai aliongoza mapambano mengine ya kuuokoa Msitu wa Karura.

Mwandaaji anaidaka Karura. "Ofisa, si huko Karura wanatoza?" Ni kweli. Msitu huo, uliokuwa unaogopwa kwa uhalifu, ulizungushiwa uzio, ukatengenezewa njia, na wageni wakaanza kulipa ada ya kuingia, wenyeji wakilipa kidogo kuliko wageni wa nje. Chini ya Shirika la Misitu la Kenya na jumuiya ya marafiki wa msitu, Karura ikawa mahali ambapo mwanamke anaweza kukimbia peke yake asubuhi. Kwa Dar es Salaam, visiwa vya Mbudya na Bongoyo, vilivyotangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, vinaendeshwa kwa ada pia, na usafi wake unaonekana. Hali kadhalika Makumbusho ya Taifa karibu na bustani ya mimea, yaliyofunguliwa mwaka 1940, na Kijiji cha Makumbusho cha Barabara ya Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1967, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Mtanzania hulipa humo kiasi cha chini kuliko mgeni, na bado siku nyingi panakuwa na nafasi tele. Ni jambo la kusikitisha kwamba watoto wengi wa mji huu hufika hapo mara moja tu, kwa basi la shule.

Ofisa anakubali kwamba ada ndogo inayorudi palepale kama uzio, choo na mlinzi ni tofauti na kiingilio cha biashara. Msitu na kisiwa huharibika watu wakizidi, kwa hiyo lango lina kazi ya kupunguza. Ufukwe wa katikati ya mji una kazi kinyume chake, ya kupokea kila anayekuja. Anataja Forodhani ya Unguja, bustani ya pwani mbele ya Ngome Kongwe, iliyofanyiwa ukarabati na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Kila jioni wauza pweza, mishkaki, urojo na juisi ya miwa hupanga meza zao, wenyeji na watalii hukaa pamoja ukutani, watoto hujirusha baharini, na hakuna anayelipa kuingia. Wanaouza ndio wanaofanya biashara, anayekaa ni mgeni wa mji.

Hapo mwandaaji mwenyewe analegeza. Anasema tatizo lake na ufukwe wa bure halikuwa ubure wake, bali fedha inayokusanywa pale isirudi. Wauzaji wa mihogo na wenye maegesho hulipa ushuru, na mteja hauoni ukirudi mchangani. Mzee anamuunga mkono: mji uliweza zamani kuwa na kumbi za umma zenye bendi za umma, kwa hiyo unaweza kuwa na choo cha umma.

Kuhusu namna ya kutoka, wanne hawa hawatofautiani sana. Anayekwenda baharini na watoto aulize kwanza saa za maji, na mtu mzima mmoja awe majini pamoja nao muda wote, asiye na simu mkononi. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwenye mkono wa mtoto au kwenye kipande cha karatasi mfukoni, na kila mtu aonyeshwe mahali pa kukutania mkipoteana. Fedha izungumzwe kabla ya kuondoka, hasa kwa marafiki, kwa kuwa ugomvi mwingi wa mtoko huzuka wakati wa kulipa bili. Mgonjwa na mzee wapangiwe usafiri wa kurudi mapema. Kwa sikukuu ni busara kwenda siku ya pili au ya tatu, umati ukiwa umepungua.

Uamuzi unaofuata mjadala huu si wa kugawa haki sawa kwa sawa. Tamasha la kulipia lina nafasi yake, mara chache kwa mwaka, kwa anayemudu, na mwandaaji anayehesabu watu wake mlangoni anastahili fedha yake. Lakini maisha ya familia hayawezi kungoja mara hizo chache. Jumapili hamsini na mbili za mwaka zinategemea mchanga, nyasi na kivuli visivyoulizia tiketi, na mahali hapo pakifungwa hakuna tamasha litakaloziba pengo lake. Manispaa zilizo na ufukwe na viwanja vya wazi zirudishe ushuru zinaoukusanya hapo kwa vitu vinne, yaani vyoo, maji ya bomba, taa na waokoaji waliofunzwa kuogelea, na zisiweke lango. Wakazi nao wakiona mabati yanazungushwa kwenye kiwanja walichozoea kukaa na watoto wao, waende ofisi ya serikali ya mtaa siku hiyohiyo kuuliza kibali kimetolewa na nani.